Dereva wa Picha

Salha alinisimulia haya mwenyewe, asubuhi tuliyokuwa tukisuka ukili.

Shangazi yake, Bi Riziki, kwa uzee alikuwa amebakiwa na sauti ya kuuimba wimbo mmoja tu, na kila wakiurekodi, kompyuta iliukwaruza. Tangu alfajiri Salha alizima, akawasha, hakukaa kitako.

"Kuna nini tena?" akauliza shangazi.

"Madereva, zile programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta. Wa picha na wa sauti wanagombania njia."

"Basi mshushe wa picha. Nimekuja kuimba, sikuja kutazamwa."

Salha akamzima dereva wa picha. Kioo kikawa cheusi. Akapapasa kitufe cha kurekodi, akabonyeza. Wimbo ukapita masikioni mwake bila mkwaruzo, mpaka katikati ya ubeti wa mwisho Bi Riziki akalala usingizi.

Salha hakujua kama mashine imeushika, wala hakuthubutu kugusa kitu gizani asije akaufuta. Alisikiliza pumzi za shangazi, kidole juu ya kitufe, hata naye usingizi ukamchukua.