Malizia Kama Kawaida

Selorm alisimama nyuma ya mama aliyesimamia kituo cha kupima mto, ameapa kutosema neno, aone kama maelekezo yake pekee yangemtosha. Programu ya kutoa tahadhari ya mafuriko aliiandika yeye, na maelekezo ya kuiweka kwenye kompyuta pia.

Mvua ilipiga bati. Kidole cha mama kilisogea hadi kwenye kibodi, kikasita, kikarudi.

“Hapa umeandika, ‘Malizia kama kawaida.’ Kawaida ya nani, mwanangu?”

“Ni rahisi, mama, wewe andika tu…”

“Usiniambie mimi! Wenzangu wa vituo vya juu ya mto, uliowapa maelekezo haya haya, wako kimya tangu asubuhi. Ulidhani wamelala?”

Ndivyo alivyodhani.

Selorm akavuta kiti, akafuta mstari ule, akaanza kuandika amri yenyewe, herufi kwa herufi. Mama alikuwa keshawapigia simu wenzake.

“Msiondoke hapo,” alisema. “Anaandika.”