Kikombe cha Waliosimama

Katika mji ule, mjane wa mtemi ndiye aliyewanywesha pombe ya asali wale tu waliosimama na mumewe vitani hadi akauawa. Nyamizi, mjane huyo, alipita na kikombe mbele ya safu ya wapiganaji. Katikati ya safu alikuwa ameketi Mihambo, mwanawe wa pekee, aliyemwacha baba yake akakimbia.

"Mpe, mama," mmoja akacheka. "Kakimbia mbali, koo limemkauka."

"Mama," Mihambo akanong'ona, "nina kiu."

"Najua, mwanangu."

Akampita. Akainama kumnywesha aliyefuata, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa vitambaa. Kikombe kikatetemeka, pombe ikamwagika, ikatambaa taratibu sakafuni kuelekea kwenye miguu ya Mihambo.