Mguu wa Kushoto wa Salovaara

Wanaume wawili walishuka kwenye treni ya Machi pale Haukijoki, mji wetu wa kando ya mto, theluji ikiwafika magotini, na hakuna aliyetaja jina lake. Hatukuwauliza. Kwetu mgeni hupewa kahawa, akaachwa aseme mwenyewe akitaka.

Tulikuwa tunawatarajia wote wawili. Mmoja ni Reino Salovaara, mtu wa kwanza wa mto wetu kulipwa kwa kucheza mpira, ambaye sasa tulimwita aje kuwa kocha wa klabu yetu. Miaka kumi na moja aliwatesa makipa wa Ubelgiji kwa mguu wa kushoto, na picha zake gazetini zilikuwa na ukungu kama supu ya samaki. Mwingine ni fundi wa kutengeneza jiko la sauna ya klabu, bafu letu la mvuke.

Mwenyekiti Ruuskanen alimpeleka uwanjani mwenye koti zuri. Mama Aune, mtunza nyumba ya klabu, akampa yule mwingine koleo.

Klabu ilikuwa mahututi. Kama tungeshuka daraja la ligi, tungeunganishwa na klabu ya mahasimu wetu wa ng'ambo ya mto, na Ruuskanen alishaapa kwamba heri azikwe.

Kocha hakusema neno. Wachezaji wakikosea, yeye anatazama paa la jukwaa. "Anawasoma huyo," Ruuskanen alinong'ona. Wachezaji wakakiogopa kile kimya, wakakimbia kama waliochokoza nyuki.

Fundi naye alitufukiza moshi msimu mzima. Magogo aliyaingiza motoni kwa teke la kushoto, bila kutazama, na hakuna hata moja lililogonga mlango wa jiko.

"Baba," Mama Aune alimwambia, "ufundi wako ungefika nusu ya vituko vyako, tungekuwa tumeshaoga."

Fundi akacheka, akaomba kahawa nyingine.

Mechi ya mwisho, mapumziko, tumefungwa mawili. Kocha aliingia chumba cha wachezaji, akapiga magoti mbele ya jiko la kupashia joto lililokuwa kwenye kona, akaligusa, akatikisa kichwa kwa huzuni, akatoka. Wachezaji walitazamana. Wakarudi uwanjani, wakafunga matatu, na klabu ikanusurika kushuka.

Jioni, saunani, Ruuskanen akitokwa machozi ya furaha na ya moshi, alimsihi kocha abaki miaka mitano. Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, bwana, kesho panda treni."

Hapo kocha akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Mwenyekiti, kilichoziba ni bomba la moshi. Nililiona siku ile ile niliyofika. Nilikuwa nasubiri mnionyeshe pa kuanzia."

Fundi akajifuta masizi, akamkabidhi koleo, kisha akauliza, kwa upole, kama kuna mtu mwenye mpira.