Kobe, Mkaguzi wa Visima

Wanyama walipokuwa bado na serikali yao, Kobe ndiye aliyekagua visima. Kila alipofika, alikuta maji safi.

"Miaka yote hii hujakamata mkosaji hata mmoja!" Mfalme Nyati akamfokea, kazi akampa Duma. Kobe akaingiza kichwa gambani kwa uchungu.

Duma alivamia visima ghafla, akakamata wakosaji tele. Ila maji yale machafu yalikuwa yameshanywewa, na Nyati mwenyewe tumbo likamsokota.

Akamwita Kobe. "Babu, wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa natembea tu, Mfalme. Nikitoka nyumbani, ndege hutangaza kwamba mkaguzi yuko njiani. Mpaka nifike, wenye visima wameshasafisha."

Nyati akacheka huku tumbo kalishika. "Rudi kazini, babu. Na tafadhali, usiharakishe."