Maboresho Madogo

Bosi alikuwa ameshasaini barua ya kumfukuza dada tunayefanya naye kazi. Wagonjwa wa tarehe tatu mwezi wa nne walikuwa wameitwa kliniki tarehe nne mwezi wa tatu, na lawama lazima ipate mwenyewe.

"Mkubwa, ngoja nisome kwanza kilichobadilika kwenye kile kifurushi cha programu kinachosoma tarehe za wagonjwa."

"Utasoma nini wewe, mkimbia umande?"

Niliimeza kejeli hiyo. Ukurasa wa toleo jipya ulikuwa na maneno mawili tu: maboresho madogo. Mpumbavu gani huandika hivyo? Nikafungua faili za kifurushi chenyewe, nikashuka mstari kwa mstari, kidole kikiacha jasho kwenye kioo. Chini kabisa nikakuta: "Kuanzia toleo hili, mwezi unatangulia siku."

"Kaka, mimi sikukigusa," dada akasema, sauti ikimkatika.

Nikatazama kumbukumbu za mfumo wetu, nione nani aliyeingiza toleo hilo. Ijumaa, saa nne asubuhi. Jina lilikuwa la bosi.

Mkono wa bosi ukaenda kwenye kibodi, alifute. Nikaudaka hewani, nikaubana.

"Soma kwa sauti, mkubwa. Dada asikie."