Mama Amjibu Mgeni

Eufelia alikuwa akimnywesha mama yake mgonjwa uji wa mahindi pale Mnavaho muuza mablanketi aliposimama mlangoni, akawa anamtuliza mbwa kwa Kinavaho.

Mama, ambaye tangu juzi hakutamka neno, alifumbua macho akamjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Kijiko kilimponyoka Eufelia. New Mexico nzima hakuna aliyejigamba kama mama kwamba damu yake ni ya Kihispania tupu, wala hakukubali Wanavaho, wenyeji wa asili, wakanyage kizingiti chake.

"Umemwelewa?" Eufelia alimuuliza mgeni.

Mgeni alivua kofia, akaingia. Mama alimng'ang'ania mkono, akaendelea kusema kwa kisauti chembamba cha mtoto.

"Anasema nini? Hebu niambie!"

"Anasema wapanda farasi walimnyakua akichunga kondoo, wakaja kumuuza huku," mgeni alisema taratibu. "Anauliza kama mama yake amenituma nimrudishe nyumbani."

Uji ulikuwa ukichuruzika kidevuni mwa mama. Eufelia hakuweza hata kuupangusa.

"Anasubiri, dada," mgeni alisema. "Nimjibu nini?"