Maneno ya Mlangoni

Bwana harusi alisimama uani na kanzu mpya, na mlango wa biarusi umekomewa. Katika mji ule haufunguliwi mpaka upande wa mume ushinde kwa maneno. Ukishindwa, mwoaji hurudi kwao mikono mitupu. Msemaji wao alishikwa na homa, wakamsukuma mbele Mwanakombo, dada wa bwana harusi, mpole asiyewahi kumjibu mtu. Na nyuma ya mlango, akiusemea upande wa biarusi, alikuwa Bi Kidawa, aliyekuwa akimpiga vijembe bombani kila asubuhi.

“Mmetuletea bubu? Wasemaji wamekwisha kwenu?”

“Wapo, bibi. Kwa mlango kama huu tumeona bubu atatosha.”

Ua mzima ukaangua kicheko.

“Na huyo kaka yako mbona mkavu kama ukuni?”

“Ukuni mbichi hutoa moshi tu, bibi.”

Majibu yalimtoka Mwanakombo makali, yamenolewa. Ndipo alipotambua: miaka yote, akirudi nyumbani na ndoo kichwani, alikuwa akimjibu Bi Kidawa kimoyomoyo.

Akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango.

“Bibi,” akasema taratibu, “wewe ndiye uliyenifundisha kusema.”

Komeo likasogea kidogo, likasita.